Kamera ya Mkwe Wangu

Tulimzika mkwe wangu kwao Sirisia, na matanga yalipokwisha tukarudi Kitale nyumbani kwake, mimi na binti yangu Naliaka na wajukuu. Mimi sikuangalia jeneza. Mama mkwe haangalii. Nilikaa nyuma ya nyumba na wanawake wa rika langu, nikasikia mahubiri kwa spika, nikasikia watu wakilia mchanga ulipoanza kuanguka, ikatosha. Sasa tuko sebuleni kwa Naliaka, chai iko mezani, na Nafula, mjukuu wangu mkubwa anayesomea kompyuta Bungoma mjini, ananiambia, "Kukhu, nimetengeneza kitu. Nimechukua picha ya Baba na sauti yake, nikaviweka kwenye programu mpya, ikaviunganisha. Anaongea. Anatusalimia wote kwa majina, hata wewe. Mama anataka tuionyeshe kanisani siku ya shukrani, lakini amesema wewe ndiye utaamua." Nikamtazama Naliaka. Chai yake imeweka utando, haijaguswa. Macho yake yako kwa ile simu kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, na nikajua kwamba tangu asubuhi amekuwa akimwangalia huyo mtu wa kwenye simu, pengine tangu jana. Nikamwambia Nafula ailaze simu kifudifudi juu ya kitambaa. Nitaiangalia. Lakini mimi siangalii kitu cha simu kabla ya kukitilia shaka kwanza, na hilo nilijifunza katika nyumba hii hii, mwaka niliokaa huku nyuma, kwenye stoo.

Mwaka huo Naliaka alikuwa na mimba, na kabla ya hiyo mimba nyingine mbili zilikuwa zimetoka. Daktari alimwambia alale tu. Asiinue ndoo, asiiname kupepeta mahindi, asipande gari. Mama wa mume wake alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo nani angekuja kama si mimi? Lakini kwetu Wabukusu mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima, na wazee walituambia ikivunjwa aibu yake haibaki kwa hao wawili, inateremka kwa watoto. Siku hizi naona vijana wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe, sijui. Mimi nilitoka Chwele na kikapu changu, nikaambiwa mkwe amenitolea mbolea na majembe yake kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba, akapaka chokaa, akaweka kitanda. Stoo ilikuwa na mlango wake, ukutani imeshikana na jikoni, na mbele yake mfereji wa maji. Harufu ya mbolea haikutoka mwaka mzima. Nililala nayo mpaka nikaizoea, hata leo nikinusa gunia la mbolea nakumbuka chokaa mbichi na Naliaka akikohoa ng'ambo ya ua.

Huyu mkwe, Baba Nafula, alikuwa na duka la simu mjini Kitale. Kutengeneza na kuuza ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini kupenda vitu vipya ilikuwa ugonjwa. Kitu kikitoka leo, kesho kiko nyumbani kwake, hata kama sufuria imetoboka. Siku niliyofika nilikuta jikoni taa ndogo juu ya mlango. Nafula, wakati huo bado msichana wa sare ya shule ya msingi, akaniambia, "Kukhu, hiyo ikiwa nyekundu ujue Baba ameingia getini. Simu yake ikifika nyumbani inaiambia taa. Sasa hutahitaji kukimbia kimbia." Nikauliza, taa inajuaje? "Inajua tu." Nikauliza, na mimi inanijua? Akacheka. Sikucheka. Kitu kinachojua mtu akiingia, kinajua pia akitoka. Lakini kweli ilifanya kazi. Nilikuwa nakoroga mrenda, taa inageuka nyekundu, naingia stoo nafunga mlango, nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Alikuwa anasimama kwenye baraza ya nyuma ya nyumba, anaita kwa sauti, "Nafula! Mwambie mama nimeleta nyama." Na mimi najibu kutoka ndani, "Nafula, mwambie nimesikia." Mtoto amesimama katikati ya ua na kikombe chake, anatazama baraza, anatazama mlango wangu. "Si mnasikizana, bana!" anasema. "Mimi niseme nini sasa?"

Nilivipima vitu vyake kimoja kimoja, maana mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu hawezi kuamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa. Alikuwa na programu ya kutambua ugonjwa wa mimea. Unapiga picha jani, simu inakuambia linaumwa nini. Nikampa Nafula jani la malenge lililokuwa karibu na mlango wa jikoni, limejikunja na kuwa kahawia. Simu ikafikiri, ikataja ugonjwa wenye jina refu na dawa ya kupuliza. Jani hilo mimi ndiye niliyelimwagia maji moto ya kuoshea sufuria. Kulikuwa na kingine cha kuzungumza nacho, unakiuliza jambo kinajibu kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua. Nafula akikiuliza kinajibu, mimi nikikiuliza kinasema hakijanielewa. Nikamwambia Nafula hicho ni kama karani wa ofisi, kinaelewa wenye viatu. Lakini kilichonitia hofu si hivyo. Ni saa. Alimvalisha Naliaka saa nyeusi mkononi, ati inahesabu mapigo ya moyo na kuyapeleka dukani kwake. Siku moja niligombana na Naliaka kwa sababu aliamka kufua nguo za Nafula nikiwa sokoni. Nilimsema vizuri. Hatujamaliza, simu ikalia. Nikamsikia mkwe kwa mbali akiuliza, "Mama Nafula, moyo wako umepanda. Ni nini? Uko na nani hapo?" Naliaka akanitazama, akasema, "Hakuna kitu, nilikuwa nacheka." Nikatoka nje nikasimama kando ya mfereji. Niko hapa nyumbani, mtu yuko mjini dukani, na amejua nimegombeza mtoto wangu. Kuanzia siku hiyo nilijua vitu vya nyumba ile vinabeba maneno.

Ndipo kamera ikaja. Mtaa wa juu walikuwa wameibiwa ng'ombe, na mkwe alikuwa na mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni, aliyempenda mpaka alikuwa anampiga picha. Akapanda nguzo kando ya zizi, akafunga kamera juu yake, jicho moja jeusi na kitone chekundu. Mimi nikiwa ndani ya stoo nimefungiwa na taa, nilisikia nyundo. Taa ilipozima nikatoka, nikatazama juu. Lile jicho lilikuwa linatazama zizi, ndiyo, lakini pia ua, mfereji, na mlango wangu. Hapo mfereji ndipo nilipokuwa naosha miguu asubuhi. Ndipo nilipokuwa navua kitambaa cha kichwa nichane nywele. Sasa niambie wewe. Mwanamume anayeingia kwenye mahindi asinione njiani, akiwa dukani amekaa kwenye kiti, simu mkononi, hanioni? Nikachukua leso nzito nikaitundika kwenye nguzo, ikafunika jicho. Jioni taa ikawa nyekundu, nikasikia kutoka barazani: "Nafula, mwambie mama asisumbuke na leso. Kamera haioni upande wake." Nikajibu, "Nafula, mwambie sijawahi kuona jicho linaloona upande mmoja tu." Kisha nikasikia Nafula akiitoa ile leso kwa fimbo.

Siku chache baadaye alikuja rafiki yake wa mjini, muuzaji wa simu kama yeye, wakakaa barazani wakila mahindi ya kuchoma. Mimi niko jikoni, taa nyekundu juu yangu, kunde motoni. Nikasikia mgeni akimsifu. "Umetulia, bana. Ua lote liko kwa simu?" Mkwe akasema, "Hata panya akipita hapa naona nikiwa dukani." Wakacheka. Nilikaa na mwiko mkononi, kunde zikashika sufuria, nikasikia harufu na sikuinuka. Panya akipita. Na mimi je? Mgeni alipoondoka, mkwe akamsindikiza na taa ikazima, nilivuka ua nikaingia kwa Naliaka. Alikuwa amelala ubavu, mto kati ya magoti. Nikamwambia, "Jumatatu kuna pikapu ya watu wa soko inakwenda Chwele. Tunaondoka." Akaniangalia kama nimelewa. "Mayi, daktari alisema gari hapana." "Daktari hajui mumeo ananiangalia kwa simu." "Hakuangalii." "Umeona wewe? Umeshika simu yake ukaona?" Hakuwa ameona. Kisha akasema neno ambalo sikulisahau. "Mayi, ukinipakia kwa pikapu na huyu mtoto akatoka kama wengine, utasema ni kamera?" Nikamwambia, "Na nikikuacha hapa akatoka, nitasema ni nani?" Alilia. Sikumbembeleza. Nilijua ninachokisema ni kigumu, lakini nilikuwa nimekwisha wazika wawili wasio na majina, na niliona heri barabara mbaya kuliko nyumba yenye aibu. Nikarudi stoo nikaanza kufunga kikapu.

Jumapili kabla ya hiyo Jumatatu nilikwenda kanisani na Nafula. Mkwe alikuwa ibada ya mapema, akapitia dukani. Naliaka alibaki kitandani, dirisha la barabarani wazi apate hewa. Tuliporudi mchana, zizi lilikuwa limefunguliwa na mtamba hayupo. Upande wa nyuma, karibu na mlango wangu, ua wa miti ulikuwa umekatwa na kusukumwa, nyayo za ng'ombe zimepita kwenye tope la mfereji. Nafula akapiga yowe. Majirani wakaja, Wabukusu na Wasabaot, wengine bado na Biblia mkononi. Taa ikawa nyekundu, nikaingia ndani nikasimama nyuma ya mlango. Wanaume walikusanyika hapo hapo uani, karibu mno hata nikasikia mmoja akipumua.

"Si uko na kamera?" sauti ya kijana ikasema. "Fungua tuone sura ya mwizi, tumalize kazi."

Wakainamia simu. Kisha mzee mmoja jirani, Mzee Kiboi, mfugaji aliyekuwa akituuzia maziwa, akasema polepole, "Huyo ndiye mtamba. Anatolewa zizini... mtu amejificha ubavuni kwake... halafu? Mbona hapa ni nyeusi?"

"Simu imeharibika?"

"Haijaharibika. Zizi linaonekana, geti linaonekana. Hapa tu ndipo peusi, kama mtu amebandika karatasi. Ng'ombe ameingia kwenye nyeusi na hajatoka."

"Ondoa hiyo nyeusi, Barasa."

Hapo ndipo nilipomsikia mkwe. Sauti yake ilikuwa chini, si ile ya kuita Nafula. "Haiondoki. Niliiweka mimi siku ya kwanza. Kilicho chini yake kamera haikiweki."

"Wewe ndiye umeweka? Mtu ananunua kamera halafu anaifunga jicho? Kwani hapo kuna nini?"

Nikasikia kokoto, mtu akigeuka, pengine wote wakigeuka, na mimi nyuma ya ubao mwembamba. Mzee Kiboi akasema, "Ni mlango wa mama mkwe wake."

Yule kijana akacheka kwa pua. "Kumbe! Ng'ombe imeenda na heshima!" Wengine wakacheka pia, si kwa ubaya, ila walicheka. Nilingoja mkwe aseme kitu. Angeweza kusema kwamba mama huyo ndiye aliyesumbua na leso. Angeweza kusema mlango wa mtu umemgharimu ng'ombe. Alisema tu, "Twendeni tufuate nyayo kabla mvua haijanyesha." Wakaenda. Hawakumpata.

Msifikiri niliamini hapo hapo. Maneno ya uani yanaweza kupangwa, hata kilio kinaweza kupangwa. Kesho yake, pikapu ya Chwele ikiwa imepiga honi barabarani na kupita, nilimwambia Nafula amwombe baba yake simu, aniletee stoo. Alipoileta, nikaona ua mzima umelala ndani ya kioo. Nguzo, zizi tupu, geti, nguo kwenye kamba. Na kuanzia mfereji mpaka mlango wangu, kipande cheusi, pembe nne, kimenyooka kama kitambaa cha meza. Nikamwambia Nafula, nenda usimame kwenye mfereji. Akaenda. Kwenye kioo alitembea, akafika ukingo wa nyeusi, akakatika nusu, akaisha. Nikapiga kelele, "Inua mkono!" Nilimwona kwa macho yangu kupitia mlangoni akipunga. Kwenye kioo hakukuwa na mkono. "Ruka!" Akaruka. Hakuna. Nikamwambia achane nywele, akasema, "Kukhu, nachana na nini sasa?" lakini akajifanya anachana. Nyeusi tu. Basi nikakaa kitandani. Panya akipita angeonekana. Mimi peke yangu, katika boma lote, sikuwa naonekana, na mtu aliyepanga hivyo alikuwa amekaa akishukiwa na mimi kwamba ananiangalia, akajibu mara moja tu, kwa adabu, akanyamaza.

Sikuwa na njia ya kumwambia asante. Huwezi kumwita mkwe ukamwambia asante. Nilichinja kuku niliyemleta kutoka Chwele, jogoo mzima, nikampika taratibu na chumvi tu, nikampelekea kwa mkono wa Nafula na firigisi juu yake, ile anayopewa mwanamume wa kuheshimiwa. Taa ilikuwa nyekundu. Nikamsikia akifunua bakuli. "Nafula," akaita, "mwambie mama nimeiona firigisi." Nikasema, "Mwambie nimesikia." Kikapu changu nilikifungua, nguo zikarudi kwenye kamba.

Na siku uchungu ulipomshika Naliaka, mchana, Nafula akiwa shuleni, mimi ndiye niliyeshika simu. Nafula alikuwa amenifundisha: bonyeza picha ya Baba, bonyeza ya kijani. Kumbe nilibonyeza ile ya kuonana. Simu ikafunguka na mimi nimeishika mbele ya uso wangu, sina kitambaa kichwani. Nilichoona ni kipande kidogo cha shati, halafu dari. Dari ya duka, feni inazunguka, nyaya za kuchajia zinaning'inia. Mke wake yuko kwenye uchungu na yeye bado alikumbuka kugeuza simu juu. Kutoka darini sauti ikasema, "Nafula, mwambie mama gari linakuja." Nafula hayupo. Nikaiambia ile feni, "Mwambie nimesikia." Mtoto alizaliwa mzima. Ndiye huyo anayecheza na vifuniko vya soda hapo mlangoni sasa, hajui kwamba wakubwa wanangoja neno.

Nilirudi Chwele mwaka ulipokwisha, na miaka yote hiyo mkwe alikuwa akinitumia sauti kwenye simu yangu. Kila mara inaanza hivyo hivyo, "Nafula, mwambie mama," hata Nafula alipokuwa bweni, hata alipokuwa Bungoma na mambo yake. Watu waliniuliza kama sasa naviamini vitu vya simu. Siviamini. Kipande kile cheusi hakikuwekwa na kamera. Kamera ingenionyesha mimi, na mtamba, na panya, vyote sawa, haichagui. Kiliwekwa na kidole cha Barasa, na kidole cha mtu mwingine kingekiondoa.

"Haya," nikamwambia Nafula. "Geuza."

Akaigeuza simu. Nilikuwa nimemwona mkwe kwa mbali mara chache, na picha yake kwenye karatasi ya mazishi, kwa hiyo nilimjua. Alikuwa na shati la bluu. Akapepesa macho. Midomo ikaanza kwenda, na sauti ilikuwa yake kabisa, hata ule mkwaruzo wa mwisho wa neno. "Mulembe, mama," akasema, na akanitazama. Alinitazama katikati ya macho, hakugeuza, akatabasamu na kuendelea kunitazama, akisema yuko pazuri, tusilie. Naliaka alikuwa ameshika mdomo.

"Zima," nikasema.

"Kukhu, ni sauti yake. Sijaongeza kitu, nimetumia zake mwenyewe."

"Sauti ni yake. Macho ni ya nani?"

Nafula aliwahi kusimama katikati ya ua ule na kikombe chake. Aliangalia ile picha iliyokuwa bado inanitazama, na nikaona amejua. Akazima bila kuambiwa tena. Naliaka akasema kwa sauti ndogo, "Mayi, mimi nilitaka tu kumsikia."

"Utamsikia. Huyu hataenda kanisani. Simu ya Baba Nafula iko wapi, ile yake mwenyewe?"

Ilikuwa kwenye droo, imezimwa tangu hospitali. Nikamwambia Nafula aiwashe, atafute yale aliyokuwa akinitumia, na asimame nayo barazani nyuma. Naliaka akamfuata. Mimi nikainuka kwa magoti yangu haya, nikavuka ua nikaingia jikoni. Nilikuwa sijamaliza kurudisha mlango wakati taa ndogo juu yake ilipogeuka nyekundu. Taa haijui habari. Ilisikia simu imeamka, ikafanya kazi yake. Nilisimama chini yake, nikafunga mlango vizuri kama siku zote.

"Weka," nikasema.

Kupitia ubaoni nikasikia upepo, jogoo wa mahali fulani, kisha yeye, ana haraka, labda mteja anamngoja: "Nafula, mwambie mama huko Chwele mvua inakuja leo, aanue mahindi."

Naliaka alikuwa analia, lakini kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa. Nilingoja amalize kidogo.

"Nafula," nikasema, "mwambie nimesikia."